Kuzibua Ateri za Mguu kwa Tundu la Sindano

Mkulima wa Mkongo hahitaji kufundishwa jinsi mkondo unavyoziba. Mto Rufiji hushusha tope, mkondo mmoja hujaa mchanga, na maji hujitafutia njia ya pembeni. Ateri za mguu nazo huziba kwa namna inayokaribiana na hiyo. Mafuta na chokaa hujilundika katika ukuta wa ateri kwa miaka mingi, hasa kwa mvutaji wa sigara, mwenye kisukari au mwenye shinikizo la damu. Damu hupita katika ateri ndogo za kandoni, na mgonjwa huweza kukaa muda mrefu bila kujua lolote. Baadaye shavu la mguu humuuma atembeapo, akipumzika likatulia. Maumivu yakianza kumwamsha usiku, au kidonda kikikataa kupona, mguu umo hatarini.

Wanafunzi wa fizikia na watazame hesabu yake. Katika bomba jembamba, kwa shinikizo lile lile, mtiririko hulingana na kipeo cha nne cha nusukipenyo. Nusukipenyo kikipungua hadi nusu, mtiririko hubaki 1/16. Ateri si bomba gumu, lakini kanuni hii yatuonyesha kwamba kuitanua kidogo tu huleta faida kubwa.

Tarehe 16 Januari 1964, huko Portland, Marekani, daktari wa eksirei Charles Dotter alipokea bibi wa miaka 82 ambaye vidole vyake vya mguu vilikuwa vimeanza kuoza. Madaktari walitaka kuukata mguu, bibi akakataa. Dotter alipitisha waya katika ateri ya paja, kisha juu ya waya huo akasukuma mirija ya plastiki, mwembamba kwanza na mnene baadaye. Damu ikapita. Bibi yule alifariki zaidi ya miaka miwili baadaye kwa ugonjwa mwingine, akiwa na miguu yake yote miwili.

Mwaka 1974 Andreas Grüntzig, Mjerumani aliyefanya kazi Zürich, alitumia mrija wenye puto dogo nchani. Puto hufikishwa penye kizuizi, hujazwa maji, huusukuma uchafu ukutani, kisha hutolewa. Mgonjwa hutiwa ganzi kinenani tu, yu macho. Pengine huachwa ndani kineli cha waya, yaani stenti, ili njia isijifunge tena. Hata hivyo huweza kuziba upya, hasa kwa asiyeacha sigara.

Kwetu Tanzania, mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Muhimbili kilianza kufundisha madaktari bingwa wa tiba za namna hii. Lakini puto halifufui nyama iliyokwisha kufa. Mgonjwa wa Mkongo huvuka mto kwenda hospitali ya wilaya Utete kabla ya kufikiria Dar es Salaam, na kisukari humwongezea hila: huua neva, asihisi maumivu ya kumwonya.

Kwa hiyo mapigo yatafutwe mapema. Weka vidole viwili juu ya mguu, kwenye mstari utokao kati ya kidole gumba na cha pili. Usipoyapata, jaribu nyuma ya kifundo cha ndani, kwani baadhi ya watu wenye afya hawana mapigo pale juu. Hospitalini hupimwa shinikizo la kifundoni na kugawanywa kwa lile la mkononi: 84 kwa 140 ni 0.6, na chini ya 0.9 ni dalili ya ugonjwa. Kwa mwenye kisukari ateri zilizokakamaa kwa chokaa huweza kutoa jibu la juu lisilo la kweli. Huyo hupimwa shinikizo katika kidole gumba cha mguu.