Dharana: akili inaposhika kitu kimoja

Neno la Kisanskriti dharana kwa kawaida hutafsiriwa «umakini». Tafsiri hiyo si kosa, lakini inaficha mzizi wa neno, dhr, wenye maana ya kushika, kubeba, kutoachilia. Dharana ni kushika, na kinachoshikwa ni kitu kimoja tu: pumzi, mwali wa mshumaa, au mahali mwilini kama kitovu au ncha ya pua.

Katika Yoga Sutra ya Patanjali, kitabu cha vifungu 195 (matoleo mengine yana 196), dharana ni hatua ya sita kati ya nane. Hutanguliwa na maadili, mkao, pumzi na kuzitenga hisi tano na mambo ya nje. Lakini kwa suala la hisia, sura ya kwanza ndiyo inayotugusa zaidi. Humo tunaelezwa kwamba akili iliyotawanyika huandamana na huzuni, kukata tamaa, mwili kutetemeka na pumzi kwenda ovyo. Aliyewahi kungoja zamu yake mlangoni mwa mtihani wa mdomo anazijua dalili hizo zote. Dawa inayotolewa ni kuizoesha akili kitu kimoja, na mbele kidogo inatajwa pumzi, jinsi ya kuitoa na kuituliza.

Mwaka 1998 mwanasaikolojia wa Marekani James Gross alizipanga njia za kutawala hisia katika makundi matano, na mojawapo ni kuelekeza uangalifu. Mwenye hasira huyarudia moyoni maneno aliyoambiwa, na kila akiyarudia anaongeza kuni motoni. Anayeshika pumzi hajikatazi kukasirika. Anaacha tu kuongeza kuni. Wengi hudhani wameshindwa kwa sababu akili imetoroka. Itatoroka! Kugundua kwamba imetoroka na kuirudisha bila kujilaumu ndilo zoezi lenyewe. Kwa maoni yangu, dakika 5 za kila siku zinafaa kuliko saa nzima usiku wa kuamkia mtihani.

Hata hivyo, kwetu ambako wengi wamepitia vita na ukimbizi, zoezi hili halifai kuagizwa kwa kila mtu. Aliyeona mabaya, akifumba macho, anaweza kukutana nayo upya. Huyo aache macho wazi, ashike kitu cha nje: mvua juu ya mabati, nyayo zake sakafuni. Ikimlemea, aache, amtafute mtu wa kuzungumza naye.