Likizo ya Pwani bila kugusa karo ya Januari

KILA mwisho wa mwaka unapokaribia, watoto wengi wa Machakos huwauliza wazazi wao iwapo safari hii wataiona bahari. Mzazi naye huwaza Januari, mwezi wa karo, sare na vitabu.

Hata hivyo, likizo ya Pwani si ya matajiri pekee. Mara nyingi kinachoifanya iwe ghali na yenye kuchosha ni kupangwa kwa pupa.

Jambo la kwanza ni wakati. Kuanzia katikati ya Desemba hadi Mwaka Mpya, watu wa bara humiminika Mombasa, Diani na Malindi. Bei za vyumba hupanda na tiketi huadimika. Aprili bei hushuka, lakini mvua za masika huweza kuwafungia wageni ndani.

Kipindi chenye nafuu ni pale shule zinapofungwa baada ya muhula wa tatu, mwishoni mwa Oktoba au mapema Novemba. Joto limerejea, umati wa Krismasi haujafika, na mzazi aliyeajiriwa bado ana mishahara miwili mbele yake kabla ya shule kufunguliwa.

Pili ni usafiri. Mkazi wa Machakos halazimiki kwenda Nairobi kupanda treni ya Madaraka Express, iliyozinduliwa mwaka wa 2017. Ile inayosimama katika vituo vya njiani hupitia Athi River, ndani ya kaunti hiyo.

Tangu Januari 2024, nauli ya daraja la kawaida kutoka Nairobi hadi Mombasa ni Sh1,500 na daraja la kwanza Sh4,500. Kwa hivyo, watu wazima wawili wanaochagua daraja la kawaida huokoa Sh12,000 kwenda na kurudi. Safari ni ya mchana na huchukua takriban saa sita. Fedha hizo zitaleta raha zaidi zikitumiwa kwa malazi.

Msafiri akumbuke kwamba treni huishia Miritini, nje ya kisiwa cha Mombasa, hivyo atenge nauli ya matatu au teksi kutoka hapo.

Tatu ni malazi. Familia mbili zinazokodi pamoja nyumba yenye jikoni hugawana gharama, na aghalabu hulipa kidogo kuliko zikichukua vyumba vya hoteli. Nyumba iliyo mwendo wa dakika kumi kutoka ufuoni huwa nafuu kuliko inayotazama maji.

Kabla ya kulipa, ulizeni mambo manne: je, kuna feni au kiyoyozi, chandarua, maji ya kutosha na mlinzi wa usiku? Usiku wa joto na mbu huharibu likizo kuliko kukosa bwawa la kuogelea. Aidha, msitume arubuni kwa wakala msiyemjua kabla ya jamaa au rafiki aliye Pwani kuiona nyumba hiyo.

Chakula nacho si lazima kiwe cha hoteli. Ndengu na maharagwe kutoka nyumbani hupikwa katika jikoni hilo, huku asubuhi familia ikinunua mahamri na mbaazi mtaani, na jioni viazi karai na mishikaki.

Bahari yenyewe haitozi ada. Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ulioko Bamburi, uko wazi kwa wote, na anayevuka kwa miguu kwenye feri ya Likoni kuelekea pwani ya kusini halipi chochote.

Muhimu ni kujua saa za maji. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na nyakati hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku. Maji yakipwa, miamba hubaki wazi na kuogelea huwa shida. Waulizeni wavuvi au waokoaji ufuoni kabla ya kupanga siku, na watoto wasiingie majini bila mtu mzima.

Hatimaye, karo itengwe kwanza, kisha safari ipangiwe kiasi kinachobaki. Kikitosha siku tatu, ziwe tatu. Siku tatu zilizolipiwa ni bora kuliko wiki nzima ya mkopo.