Kifungua Mimba, Kitinda Mimba na Tone la Mate

Kifungua mimba hubebeshwa mengi katika masimulizi ya nyumbani. Husemwa kuwa ni mwangalifu, mzito wa kauli, mtu wa kuwaza ya kesho. Kitinda mimba naye huambiwa anadeka na hana habari na dunia. Maneno haya yalikuwapo kabla ya maabara, na yakibaki utani wa jikoni hayamdhuru mtu. Siku hizi, hata hivyo, yamevishwa koti jeupe. Husemwa kwamba nafasi ya kuzaliwa huandikwa mwilini, na kwamba aliyetangulia kutoka tumboni hubaki na homoni za msongo kwa wingi kuliko wadogo zake. Mzazi wa Karagwe au Kyerwa, mkoani Kagera, mwenye watoto sita akisikia hayo, ana haki ya kuuliza yamepimwaje, kwa nani, na saa ngapi. Akiuliza hivyo ataona kwamba namba ya kuzaliwa, ikiachwa peke yake, haina nguvu inayopewa. Yenye nguvu ni kazi, usingizi, chakula na misiba inayofuatana na namba hiyo katika nyumba fulani.

Homoni inayotajwa zaidi katika madai haya ni kotisoli. Hutengenezwa na tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, kwa amri inayoanzia kwenye ubongo. Wengi huizungumzia kama sumu ya huzuni, ilhali bila hiyo mtu hawezi kuishi: huongeza sukari kwenye damu mwili unapohitaji nguvu, husaidia kushikilia shinikizo la damu na hutuliza uvimbe. Tena ina ratiba yake. Kwa mtu anayelala usiku, kotisoli huanza kupanda kabla ya alfajiri, hupanda zaidi ndani ya dakika 30 hadi 45 baada ya kuamka, kisha hushuka taratibu kutwa nzima mpaka usiku iwe chini kabisa. Mtu yuleyule, asiye na shida yoyote, akitema mate asubuhi na jioni atatoa vipimo viwili vinavyopishana sana. Homa huipandisha. Kafeini pia huipandisha, kwa hiyo hata punje chache za kahawa ya kutafuna, ile wanayokaribishwa wageni mkoani Kagera, zinaweza kuyumbisha kipimo cha mtu mzima. Anayetaka kulinganisha watu kwa kotisoli lazima kwanza ajue kila mmoja aliamka saa ngapi, ametia nini mdomoni, na kama yu mzima.

Hebu tufikirie shule moja ya msingi iliyo juu ya kilima, wataalamu wamefika saa mbili asubuhi na vichupa vya kukusanyia mate. Binti wa kwanza wa nyumba ameamka saa kumi na moja alfajiri, ameteremka bondeni kuchota maji, amefagia uwanja, amemwogesha mdogo wake, ndipo akashika njia ya shule. Mdogo wake ameamshwa saa moja. Vichupa vikipimwa, wawili hawa watatofautiana. Lakini tofauti hiyo itamweka binti wa kwanza chini, kwa kuwa kilele chake cha asubuhi kilishapita zamani, na mdogo wake juu, kwa kuwa cha kwake hakijaisha. Mtafiti asiyeandika saa ya kuamka anaweza kutangaza kwamba vitinda mimba wana msongo mkubwa. Mwenzake akipima jioni, baada ya binti yule kupika na kuosha vyombo wakati mdogo wake anasinzia, anaweza kutangaza kinyume chake. Kila mmoja atakuwa na takwimu mkononi, na wote wawili watakuwa wamepima mgawanyo wa kazi za nyumbani. Njia mbadala ni kupima nywele, ambazo hurefuka kwa takriban sentimita moja kwa mwezi na kuhifadhi kumbukumbu ya miezi iliyopita. Hiyo nayo hukwama mahali ambapo wanafunzi hunyolewa vipara au karibu na vipara.

Madai yenyewe yana historia ndefu. Mwaka 1874 Mwingereza Francis Galton, ambaye mwenyewe alikuwa kitinda mimba, alichapisha uchunguzi wake juu ya wanasayansi wa nchi yake, akasema wana wa kwanza na wa pekee walikuwa wengi kuliko ilivyotarajiwa. Hakuhitaji homoni kueleza jambo hilo. Aliona kwamba mwana wa kwanza ndiye aliyerithi mali, akapata nafasi ya kufuata anachokipenda, na wazazi walimshughulikia zaidi. Maelezo hayo hayamshangazi msomaji wa Kagera. Sheria za kimila za urithi zilizotangazwa na serikali ya Tanganyika mwaka 1963, kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba, zilimtaja mwana wa kwanza wa kiume wa nyumba ya kwanza kuwa mrithi wa daraja la kwanza, na binti, hata akiwa ndiye aliyefungua mimba, zikamweka daraja la chini. Mahali ambapo kibanja cha migomba na kahawa ndicho uhai wa familia, kujua nani atakirithi ni kujua nani ataamka na wasiwasi gani. Kifungua mimba wa kiume na kifungua mimba wa kike wana namba moja ya kuzaliwa, lakini maisha yao hayafanani.

Baada ya Galton walikuja wengine. Alfred Adler alifundisha kwamba mtoto wa kwanza hujeruhika anapong'olewa kwenye kiti chake na mdogo wake. Mwaka 1959 Stanley Schachter, huko Marekani, aliripoti kwamba wanawake waliozaliwa wa kwanza, wakitishwa kuwa watapigwa shoti ya umeme, walipendelea zaidi kungoja pamoja na wenzao kuliko peke yao. Mwaka 1996 Frank Sulloway aliandika kitabu kizima kuonyesha kwamba wanaozaliwa baadaye ndio waasi wa fikra. Kisha ikaja mizani kubwa zaidi. Mwaka 2015 Julia Rohrer na wenzake walichunguza watu zaidi ya 20,000 wa Marekani, Uingereza na Ujerumani. Katika wasiwasi, upole, uchangamfu na umakini hawakuona tofauti yoyote ya maana kati ya wa kwanza na wa mwisho. Walichokiona ni tofauti ndogo tu katika vipimo vya akili. Mwaka huohuo uchambuzi mwingine, wa wanafunzi wa sekondari wapatao 377,000 wa Marekani, ulikuta tofauti za tabia ambazo hazifiki kiwango cha mtu kuziona kwa macho katika maisha ya kila siku. Ikiwa tabia ya wasiwasi yenyewe haifuati namba ya kuzaliwa, anayedai kwamba homoni ya wasiwasi huifuata ana deni kubwa la ushahidi.

Hapo mtu atapinga: mbona sote tunaona kwa macho yetu kwamba mkubwa ndiye mwenye kuwajibika? Tunaona kweli, lakini tunamlinganisha mtu wa miaka 25 na mdogo wake wa miaka 14. Siku yoyote utakayowatazama, mkubwa atakuwa mkubwa. Ili kuwatendea haki ungengoja huyu wa pili afike 25, na kufikia hapo maoni yetu yameshaganda. Zaidi ya hayo, mtoto wa sita hupatikana tu katika nyumba yenye watoto sita. Utafiti wa afya ya uzazi wa mwaka 2022 ulikadiria kwamba mwanamke wa Tanzania huzaa wastani wa watoto 4.8, na vijijini wastani huwa juu kuliko mjini. Ukiwakusanya watoto wa sita kutoka kila mahali na kuwalinganisha na watoto wa kwanza kutoka kila mahali, umelinganisha pia nyumba kubwa na ndogo, vijiji na miji, wenye nacho na wasio nacho. Njia ya haki ni kulinganisha ndugu wa nyumba moja, wakiwa na umri mmoja.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Huko Norway, mwaka 2007, Petter Kristensen na Tor Bjerkedal walichambua vipimo vya akili vya vijana wa kiume karibu 240,000 walioitwa jeshini, wakakuta wa kwanza wanawazidi wa pili kwa alama zipatazo mbili. Tofauti ni ndogo, ila ipo. Uzuri wa kazi yao ni hatua iliyofuata: waliwatazama vijana waliozaliwa wa pili ambao kaka au dada yao alifariki mchanga, wakaona alama zao zinafanana na za vifungua mimba. Kwa hiyo kilicholeta tofauti ni nafasi aliyolelewa nayo nyumbani. Tumbo halikuhusika. Nayo nafasi hubadilika kwa nchi. Huko Ecuador, katika familia maskini, watafiti walikuta waliotangulia kuzaliwa ndio wanaobaki nyuma, na huko Indonesia utafiti uliochapishwa mwaka 2021 haukuona athari katika akili wala tabia. Kama namba ingekuwa na nguvu ya kimaumbile, isingebadili maana kila inapovuka mpaka.

Afrika Mashariki ina ushahidi wake pia. Mwaka 2009 Martin Muller na wenzake waliripoti kwamba miongoni mwa Wahadza wa Tanzania, wanaume wenye watoto walikuwa na testosteroni ndogo kuliko wasio na watoto, ilhali miongoni mwa majirani zao Wadatoga tofauti hiyo haikuonekana. Neno ni lilelile, baba. Ila baba wa Kihadza hushinda na watoto wake, na wa Kidatoga hukaa nao kidogo. Kwa kotisoli na jamaa zake, tazama nyani wa Amboseli, Kenya. Mwaka 2011 Laurence Gesquiere na wenzake walieleza walichokipata kwenye kinyesi cha madume 125 kwa miaka 9: kadiri dume alivyokuwa juu kwa cheo, ndivyo homoni zake za msongo zilivyopungua, isipokuwa dume mkuu, aliyekuwa nazo nyingi kuliko msaidizi wake. Kukaa kileleni kuna gharama yake ya kupigana na kulinda majike. Hata kwa nyani, kujua daraja bila kujua kazi ya daraja hakutoshi.

Wapo watakaosema kwamba mimba ya kwanza ni tofauti kimwili, na hapo wana haki. Uchungu wa kwanza kwa kawaida huchukua muda mrefu zaidi, na mtoto wa kwanza kwa wastani huzaliwa na uzito pungufu kidogo. Mwaka 2013 watafiti wa New Zealand waliripoti kwamba watoto wa kwanza walikuwa na shinikizo la damu la juu kidogo na miili inayoitikia insulini kwa uzito zaidi. Lakini watoto wote waliopimwa walikuwa 85. Idadi kama hiyo inatosha kuuliza swali, haitoshi kulifunga. Ukitupa mawe mengi kwenye mparachichi, moja litaangusha tunda hata ukiwa umefumba macho, na anayepima mambo mengi kwa watu wachache hana budi kuliangusha mara ya pili kabla ya kujisifu. Tena kifungua mimba mara nyingi ni mtoto wa mama kijana, na wa sita ni wa mama aliyekomaa. Bila kuutenga umri wa mama, hujui unapima nini.

Jinsi swali linavyoulizwa vizuri, Kagera yenyewe imeonyesha. Ugonjwa wa UKIMWI ulitambuliwa nchini Tanzania kwa mara ya kwanza mkoani humo mwaka 1983, na kati ya 1991 na 1994 kaya zaidi ya 900 za mkoa zilihojiwa mara kwa mara ili kujua vifo vya watu wazima vinaziachaje. Mwaka 2004 watafiti waliwatafuta tena watu walewale, hata waliohama. Kwa kuwa watoto walipimwa kabla ya msiba, iliwezekana kuona msiba ulichukua nini: Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon walikadiria kwamba aliyefiwa na mama kabla ya kutimiza miaka 15 alikuja kupungukiwa takriban sentimita 2 za urefu na mwaka mmoja wa shule. Hapo tukio linajulikana, wakati unajulikana, na mtu analinganishwa na mwenziwe aliyekuwa sawa naye mwanzoni. Msiba huo hauchagui wa kwanza au wa mwisho, ingawa nyumba ikibaki bila wazazi, mkubwa ndiye anayeuvaa ulezi. Akionekana mwenye msongo baada ya hapo, sababu iko mikononi mwake, katika kulea, kulima na kutafuta sare za wadogo zake.

Hakuna lolote kati ya haya linalotaka tuidharau kotisoli. Ikipimwa mara nyingi kwa siku nyingi, saa ya kuamka ikiandikwa na wagonjwa wakitengwa, inaweza kutuambia jinsi mwaka wa mnyauko wa migomba, au kahawa iliyouzwa kwa butura ikiwa bado maua, unavyoingia katika miili ya waliomo nyumbani. Kinachodhuru ni kumwambia binti wa miaka 12 kwamba uchovu wake ni maumbile ya mtoto wa kwanza, kwa kuwa maumbile hayana wa kuulizwa. Mwalimu anayemwona akisinzia darasani hatapata msaada kwa kujua ni wa ngapi kuzaliwa. Amuulize ameamka saa ngapi, amekula nini, na nyumbani ni nani mwingine mwenye nguvu ya kushika ndoo. Zamu ya kuchota maji inaweza kubadilishwa jioni hiyohiyo.