Sehemu Saba za Binti

Sisi tuliosoma chuoni kwa maalim tulikutana na hesabu mapema, na tulikutana nazo katika mirathi. Mtu amefariki, ameacha mke, watoto wawili wa kiume na binti mmoja. Haya, gawanya! Mke ana thumni yake. Kilichobaki ni mafungu matano, kila mwanamume mawili na binti moja. Ili lisikatwe fungu, mali hufanywa sehemu 40: mke 5, kila kijana 14, binti 7.

Hesabu hiyo imeingia nyumba moja hapa Mji wa Kale, Mombasa. Binti, ambaye ana digrii ya kwanza ya hisabati, ataka sehemu zake 7 azitumie kusomea shahada ya uzamili katika hisabati ya ukokotozi, miaka miwili huko bara. Ndugu zake wameghadhibika. Kwani hizo hisabati bado hazijaisha? Mkubwa wao, kijana mwema asiyekosa jamaa msikitini, akanijia: "Ami, wewe ni mtu wa kalamu, hebu sema naye." Nikaenda kusema naye, nikajikuta nimekaa kitako namsikiliza.

Nilitaraji habari za mashine. Kumbe sizo. Alinieleza kwamba milinganyo mingi ya upepo, ya maji na ya joto haina jawabu la kuandikika kamili kama tunavyoandika thumni. Hapo hufanywa hila. Bahari hutandikiwa wavu wa hesabu. Penye kila fundo hukokotolewa kina cha maji na kasi ya mkondo, kisha husogezwa hatua moja ndogo ya wakati, kisha nyingine, maelfu kwa maelfu. Macho ya wavu yakiwa makubwa, mambo mengi hupenya yasionekane. Yakiwa madogo mno, tarakilishi hukesha siku nyingi kwa kazi moja. Na liko lililonistaajabisha zaidi: hatua za wakati zikiwa ndefu kupita kadiri ya macho ya wavu, hesabu huweza kuharibika, tarakimu zikapaa juu kusiko na maana, na hali hakuna aliyekosea kujumlisha! Courant, Friedrichs na Lewy waliieleza kanuni ya jambo hilo mwaka 1928, kabla tarakilishi za umeme hazijakuwako.

Basi anayesomea uzamili huu hasomei kubonyeza vitufe. Asomea kujua jawabu la kukadiria limeachana na kweli kwa kiasi gani, na kuthibitisha kwamba halivuki mpaka huo.

Mwingereza mmoja, Lewis Fry Richardson, alipokuwa akibeba majeruhi huko Ufaransa wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, alikokotoa kwa mkono hali ya hewa ya saa sita. Ilimchukua kama majuma sita, na jawabu likatoka kombo kabisa. Kitabu chake akakichapisha mwaka 1922 bila ya kulificha hilo. Mwaka 1950, huko Marekani, Charney, von Neumann na wenzao waliitumia tarakilishi ya ENIAC kubashiri hali ya saa 24, na kazi yenyewe ikala karibu saa 24. Ndiyo kusema walikwenda sambamba na upepo. Utabiri wa hali ya hewa tuusikiao redioni leo ni mtoto wa njia hiyo.

Binti huyu ataka kuandika tasnifu yake juu ya hori la Tudor: maji yaingiavyo na yatokavyo, na taka za mji zielekeako. Manahodha wetu walijua siku za bamvua na za maji mafu kwa kutazama mwezi, nao walijua kweli. Lakini mwezi haukwambii taka iliyotupwa asubuhi itakwama kwenye mikoko ipi jioni.

Nilimrudia kakake. Nikamwambia kwamba neno algorithimu, yaani utaratibu wa hatua za hesabu, limetokana na jina la al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad zama za Khalifa al-Ma'mun, lililopindwa na ndimi za Walatini. Na kwamba katika kitabu chake cha al-jabr, sehemu ya mwisho, tena kubwa, ni ya wasia na mirathi. Akatabasamu. "Ami, hayo ni ya zamani. Fedha zikiisha na kazi asipate, nani atamlisha?"

Hofu hiyo ina msingi, nami sikuipuuza. Digrii hailishi mtu kwa jina lake. Ila sehemu 7 ni milki yake kwa sharia, kama zilivyo 14 za kila mmoja wao, wala hakuna aliyewauliza wao watazifanyia nini. Nasaha wanayo haki ya kuitoa. Kuzuia mali hawana.

Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza kama bweni la wanawake huko chuoni lina mahali pa kupikia.