Pikipiki Inapoteleza Kwenye Kona: Jinsi Waendeshaji Wanavyojifunza Kuidhibiti

Na Mwandishi Wetu

MVUA za kwanza za msimu zinaponyesha, barabara ya lami huwa na utelezi zaidi kuliko inavyokuwa baada ya siku kadhaa za mvua hiyo hiyo. Mafuta yaliyodondoka kutoka kwenye magari, vumbi na chembe za mpira wa matairi zilizojikusanya wakati wa kiangazi huchanganyika na maji na kufanya utando mwembamba juu ya lami. Mwendeshaji wa pikipiki anayeingia kwenye kona kwa mwendo ule ule aliouzoea jana hushtuka kuona gurudumu la nyuma likitoka nje ya mstari wake. Kinachofuata huamuliwa ndani ya muda mfupi sana, na mara nyingi kinaamuliwa na mkono wa kulia, ulioshika gesi na breki ya mbele.

Usafiri wa pikipiki za abiria, maarufu kama bodaboda, uliwekewe kanuni zake nchini mwaka 2010. Leo ni ajira ya vijana wengi, na kwa wananchi wa maeneo mengi ndiyo njia ya haraka ya kufika hospitali, sokoni au kituo cha mabasi. Makala haya yanaeleza kwa nini pikipiki huteleza kwenye kona, namna waendeshaji wa mashindano wanavyojifunza kudhibiti utelezi huo, na ni sehemu gani ya mafunzo yao inayomfaa mwendeshaji wa barabarani.

Mshiko wa tairi una kiwango

Sehemu ya tairi la pikipiki inayogusa barabara kwa wakati mmoja ni ndogo, haizidi sana ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Msuguano kati ya sehemu hiyo na barabara ndio unaofanya kazi zote tatu: kupunguza mwendo, kuongeza mwendo na kukata kona. Ni sawa na familia yenye debe moja la unga. Ukipika wote mchana, usiku hakuna ugali. Mwendeshaji anayetumia sehemu kubwa ya mshiko kukata kona hana akiba iliyobaki ya kufunga breki kwa nguvu. Akifunga, tairi huachia.

Kiasi cha mshiko hutegemea hali ya barabara. Kwa makadirio ya kawaida, tairi zima juu ya lami kavu linaweza kuhimili kani ya pembeni inayofikia takriban asilimia 80 ya uzito linaoubeba, au zaidi ya hapo. Lami ikilowa, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi karibu asilimia 50. Kwenye changarawe iliyolegea kinaweza kufika asilimia 40 au chini yake.

Tuchukue mfano wa kona yenye nusu kipenyo cha mita 30. Mwendeshaji akiipita kwa kilomita 30 kwa saa, anahitaji mshiko wa takriban asilimia 24, na pikipiki italala kiasi cha nyuzi 13. Kwa kilomita 40 kwa saa anahitaji asilimia 42, na kulala kwa nyuzi 23. Kwa kilomita 60 kwa saa mahitaji yanafika asilimia 94, na pikipiki italazimika kulala zaidi ya nyuzi 43. Mwendo umeongezeka mara mbili, kutoka 30 hadi 60, lakini mshiko unaohitajika umeongezeka mara nne.

Hesabu hiyo inaeleza ajali nyingi zinazosemwa kuwa za bahati mbaya. Kona iliyopitika salama kwa kilomita 40 kwa saa siku ya jua huwa mpakani mwa hatari siku ya mvua, na kwenye changarawe mpaka huo huenda umekwishavukwa. Ni suala zito zaidi katika barabara za milimani kama ile ya kutoka Mombo kupanda Lushoto, ambako kona hufuatana na upande mmoja ni bonde.

Gurudumu la nyuma na gurudumu la mbele

Gurudumu la nyuma linapoteleza, pikipiki huanza kugeuka kuelekea ndani ya kona. Sababu kuu ni mbili: gesi iliyofunguliwa kwa ghafla, au breki ya nyuma iliyokanyagwa hadi gurudumu likafunga. Utelezi wa aina hii huweza kudhibitiwa, kwa kuwa gurudumu la mbele bado lina mshiko na linaweza kuelekezwa.

Hatari kubwa hapa ni hofu. Mwendeshaji anayeshtuka huachia gesi yote kwa mara moja. Tairi lililokuwa likiteleza pembeni hupata mshiko ghafla, pikipiki hunyanyuka kwa nguvu kuelekea upande wa pili na kumrusha juu mwendeshaji pamoja na abiria wake. Anguko hilo mara nyingi huumiza kuliko lile la kuteleza na kulala chini.

Gurudumu la mbele likiteleza, nafasi ya kuokoa hali ni ndogo. Chanzo chake huwa ni kufunga breki ya mbele kwa nguvu wakati pikipiki imelala, au kupita juu ya mchanga, mafuta au rangi ya alama za barabarani iliyolowa. Njia pekee ya kusaidia ni kulegeza breki mara moja na kutogeuza usukani kwa nguvu. Kwa sababu hiyo, utelezi wa mbele huzuiwa kabla ya kona.

Shule ya uwanja wa udongo

Katika michezo ya pikipiki, kuteleza kwenye kona ni ufundi unaotafutwa kwa makusudi. Katika mashindano ya spidwei, waendeshaji wanne huzunguka uwanja wa duara refu kwa pikipiki za cc 500 zisizo na breki, wakikata kona za kushoto pekee. Kwenye kona, gurudumu la nyuma hutoka nje kwa kusukumwa na nguvu ya injini, nalo gurudumu la mbele hugeuzwa kulia, kinyume cha kona, ili kulisawazisha. Mguu wa kushoto, uliovalishwa kiatu chenye soli ya chuma, huburuzwa ardhini kusaidia mizani. Mwendeshaji hupanga ukubwa wa utelezi kwa gesi.

Nchini Marekani mchezo unaofanana na huo umekuwapo kwa miongo mingi, nao umewatoa mabingwa wakubwa. Kenny Roberts alikuwa bingwa wa taifa hilo mwaka 1973 na 1974, katika mfululizo uliokuwa na mashindano mengi ya viwanja vya udongo. Kisha alikwenda kushindana kwenye lami ya Ulaya na kutwaa ubingwa wa dunia wa cc 500 mara tatu mfululizo, mwaka 1978, 1979 na 1980. Alikuwa Mmarekani wa kwanza kuutwaa. Hadi leo mabingwa wa lami hufanya mazoezi kwenye udongo. Valentino Rossi ana uwanja wake wa udongo huko Tavullia, Italia, na Marc Márquez wa Hispania ni miongoni mwa wanaotumia njia hiyo ya mazoezi.

Sababu ya kuchagua udongo ni ya kimafunzo. Kwenye udongo tairi huachia kwa mwendo mdogo na kwa taratibu, kwa hiyo mwanafunzi hupata muda wa kuhisi kinachotokea. Huanza na pikipiki ndogo na mzunguko mdogo, akirudia kona moja mara nyingi. Baada ya kuteleza kidogo kwa mamia ya mara, mwili hauchukulii tena utelezi kuwa dharura. Mikono hulegea, macho hubaki yanatazama kona inakoelekea, na gesi hupunguzwa kidogo kidogo badala ya kukatwa.

Barabarani lengo ni tofauti

Ni muhimu kusisitiza kuwa mwendeshaji wa barabarani hajifunzi utelezi ili auoneshe. Uwanja wa mashindano hauna lori linalokuja mbele, watoto wanaovuka wala abiria aliyekaa nyuma. Anachopaswa kuchukua kutoka kwa wanamichezo ni mambo mawili: kuingia kwenye kona akiwa na akiba ya mshiko, na kutoshtuka akiba hiyo inapopungua.

Kwa jambo la kwanza, wakufunzi hufundisha mfuatano wa hatua nne. Punguza mwendo wakati pikipiki ingali imesimama wima, kabla ya kona. Geuza kichwa na kutazama mwisho wa kona, kwa kuwa mwendeshaji huelekea anakotazama. Sukuma mbele kwa upole mkono wa usukani ulio upande wa kona, na pikipiki italala upande huo. Kisha shikilia gesi bila kuibadilisha ghafla, na uiongeze taratibu unapotoka.

Kwa jambo la pili, mazoezi yafanyike kwenye uwanja wa wazi, bila abiria, mbele ya mkufunzi, mwendeshaji akiwa amevaa kofia ngumu, glovu na viatu vilivyofunika mguu. Zoezi la msingi ni kufunga breki zote mbili kwa nguvu katika mstari ulionyooka, kuanzia mwendo mdogo, hadi mkono na mguu vijue mpaka wa tairi. Linalofuata ni kufunga breki ya nyuma kwenye udongo kwa mwendo mdogo, kuhisi gurudumu likiburuzwa, huku macho yakitazama mbele na usukani ukiachwa ufuate njia.

Utelezi ukitokea barabarani, gesi ndiyo iliyousababisha, ipunguze kidogo, usiikate. Gurudumu la nyuma likifunga kwa breki na pikipiki ingali imenyooka, legeza breki hiyo. Likiwa limeshatoka sana nje ya mstari, kuiachia ghafla ndiko kunakoleta lile anguko la kurushwa juu. Ni afadhali kuendelea kuikanyaga hadi pikipiki isimame.

Chombo na mzigo wake

Ufundi wa mwendeshaji hauwezi kufidia tairi kipara. Kashata za tairi ndizo zinazotoa maji chini yake, na zikiisha, tairi huelea juu ya maji. Upepo uliozidi hupunguza sehemu inayogusa barabara, na uliopungua hufanya tairi liyumbe kwenye kona.

Uzito wa abiria haubadilishi hesabu ya mwendo na kona iliyoelezwa hapo juu. Hata hivyo, huongeza umbali unaohitajika kusimama, hukandamiza shokapu za nyuma na kupunguza uzito kwenye gurudumu la mbele. Abiria wawili au zaidi, maarufu kama mshikaki, huharibu kabisa mizani hiyo, mbali na kuwa ni kosa.

Teknolojia nayo inasaidia. Umoja wa Ulaya ulianza mwaka 2016 kuzitaka pikipiki mpya za zaidi ya cc 125 ziwe na breki zinazozuia gurudumu kufunga, na India ikafuata mwaka 2019. Lakini pikipiki nyingi za biashara nchini ni za cc 100 hadi 150 na zina breki za kawaida. Kwa wengi, mfumo pekee wa kuzuia gurudumu lisifunge ni mguu na mkono vilivyofunzwa.

Abiria hana usukani

Mafunzo ya udereva yanatolewa katika vyuo vinavyotambuliwa, vikiwamo vya VETA na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, na leseni ya daraja linalohusu pikipiki ni takwa la sheria. Mwendeshaji aliyejifunza kwa rafiki mtaani kwa siku mbili anajua kuiondoa pikipiki. Hajafundishwa la kufanya inapoteleza, na siku ya kwanza ya kujifunza inaweza kuwa siku ya mvua akiwa na mama mjamzito nyuma yake.

Abiria naye ana sehemu yake. Akae ameelekea mbele, asijiinue wala kuinamia upande wa pili pikipiki inapolala, avae kofia ngumu na kuifunga, na amwambie mwendeshaji apunguze mwendo bila kuona haya. Hana usukani wala breki, lakini anayo sauti, na kabla ya kona bado kuna muda wa kuitumia.