Pumziko juu ya maji: kutoka Kindu mpaka Lokandu bila haraka



Pasaka inapokaribia, ndugu zetu wanaoishi Ulaya hututumia picha kwa simu. Safari hii zilitoka Uholanzi: mashamba ya maua ya tulipu, vijiji vyenye madaraja madogo, na watu waliokaa katika mashua wakienda polepole ndani ya mifereji. Huko baridi inaisha, na watu wanatoka nje kufurahia jua. Picha hizo zilipopita mkono kwa mkono baada ya ibada hapa Kindu, mzee mmoja wa kanisa alisema: "Hayo ni mambo ya wazungu. Sisi tukipanda mtumbwi, tunaenda kutafuta chakula." Wote walicheka, nasi pia. Lakini neno lake lilitubakia moyoni. Je, pumziko ni la matajiri tu?

Tusome Marko 6:30-32. Mitume wamerudi kutoka kazini, na watu ni wengi mpaka hawana hata nafasi ya kula. Yesu hawasifu kwa kushinda na njaa. Anawaita waende mahali pasipo na watu, wapumzike kidogo. Nao wanaenda kwa mashua. Hawakuwa matajiri, wengine wao walikuwa wavuvi, kama ndugu zetu Wagenya wa hapa kwetu.

Basi katika konji ya Pasaka tuliamua kutelemka mto mpaka Lokandu, bila biashara, bila semina, bila mkutano. Safari si ndefu: ni zaidi kidogo ya kilomita 50 kaskazini ya Kindu.

Mto wetu unastahili kuelezwa. Kusini ya Kindu, Lualaba una maporomoko, na ndiyo sababu reli ilijengwa kutoka Kindu kwenda Kongolo. Kaskazini ya Ubundu kuna maporomoko mengine, na reli ya kilomita 125 inayokwenda Kisangani, iliyomalizika mwaka 1906. Katikati, kati ya Kindu na Ubundu, kuna karibu kilomita 300 za maji ambayo mashua zinaweza kupita. Waholanzi walichimba mifereji yao kwa mikono. Sisi tumepewa njia hii ya maji bila kuchimba.

Bandarini tulikuta mashua ya mbao yenye mota. Ilikuwa imejaa magunia ya mchele, mapipa, baiskeli na mbuzi, na watu walikuwa wamekaa juu ya mizigo. Ubao wa pembeni ulikuwa karibu kulingana na maji. Hatukuona hata jile moja ya kuokoa maisha. Tulisema: hapana, tutangoja. Watoto walilia. Abiria mmoja alituuliza kama imani yetu ni ndogo. Tulilala nyumbani, na kesho yake tukapata mashua iliyo nyepesi. Ile ya kwanza ilifika salama, tunamshukuru Mungu. Lakini kufika salama mara moja hakuonyeshi kwamba mzigo ulikuwa sawa. Katika mito na maziwa ya nchi yetu tumezika watu wengi mno kwa sababu ya mashua zilizojazwa kupita kiasi na safari za usiku.

Hapo ndipo tulipoelewa jambo. Tungekuwa na mkutano wa kuongoza siku ile, tungepanda. Haraka ndiyo inayotupandisha. Mtu aliyekubali kupumzika anaweza kungoja, na anayeweza kungoja anaweza kukataa.

Lokandu hakuna maua ya tulipu. Kuna nyavu zinazokauka, mitumbwi ya mti mmoja, na harufu ya samaki wa kukaushwa kwa moshi. Tulikula wali, sombe na samaki, tukakaa na wazee kando ya mto. Zamani mahali hapo paliitwa Riba-Riba. Palikuwa kituo cha Waungwana, wafanyabiashara wa pembe na watumwa, na mwaka 1892 Mbelgiji Arthur Hodister aliuawa huko, wakati vita kati yao na Dola la Kongo vilipokuwa vinaanza. Lugha ya Kiswahili tunayohubiria leo ilifika Maniema pamoja na misafara hiyo. Watu wengi walipita mto huu wakiwa wamefungwa.

Tuliposimulia hayo, tuliwakumbusha watoto Kumbukumbu la Torati 5:15. Mungu anawaambia Waisraeli washike Sabato kwa kuwa walikuwa watumwa Misri. Mtumwa hana siku yake. Bwana wake ndiye anayeamua. Kwa hiyo kupumzika ni kukiri kwamba Mungu ametuweka huru. Si uvivu, wala si kuiga wazungu.

Hata hivyo, kwa Waholanzi tuna la kujifunza. Karibu robo ya nchi yao iko chini ya usawa wa bahari. Tangu karne ya 13 wana halmashauri za maji, ambamo wanavijiji walishirikiana kutunza kingo na mifereji. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953, bahari ilivunja kingo na watu 1,836 walikufa nchini humo. Baada ya msiba huo walijenga kingo na milango mikubwa ya kuzuia bahari. Raha tunayoiona katika picha inakaa juu ya kazi ya kulinda uhai pamoja.

Sisi pia tunaweza kuanza na machache. Parokia iliyo kando ya mto inaweza kununua jile chache na kuziazima kwa mama na watoto wanaosafiri. Wachungaji waseme wazi kwamba kukataa mashua iliyojaa si kukosa imani. Yesu mwenyewe alikataa kumjaribu Mungu (Mathayo 4:7). Tusipange mikutano inayowalazimisha watu kusafiri usiku. Na kila mtumishi wa Mungu apate siku zake za kupumzika, hata kama ni kukaa tu kando ya maji na watoto wake.

Mzee wetu alituuliza tuliporudi: "Mlileta nini Lokandu?" Tulimjibu: samaki wawili, na watoto wote. Alisema hiyo inatosha, na kwamba Pasaka ijayo tumhesabu.

Bwana awabariki, na awalinde juu ya maji.