Usurealisti katika picha za kila siku

Usurealisti katika picha za kila siku ni upigaji picha unaotafuta mambo ya ajabu, yanayofanana na ndoto, katika maisha ya kawaida. Mpiga picha hapangi tukio wala habadilishi picha baadaye. Huchagua tu mahali pa kusimama, wakati wa kupiga na kitakachobaki nje ya picha.

Mfano maarufu ni Eugène Atget (1857–1927), aliyepiga picha mitaa ya Paris, Ufaransa, kwa takriban miaka 30, akiziuza kwa wachoraji, maktaba na makumbusho. Katika picha zake za madirisha ya maduka, sanamu za kuonyeshea nguo huchanganyika na majengo yanayoakisiwa kwenye kioo, hata ni vigumu kujua kipi kiko ndani na kipi kiko nje.

Mwaka 1912 alipiga picha ya umati uliokuwa ukitazama kupatwa kwa Jua. Jua lenyewe halionekani. Wanaonekana watu tu, wameinua nyuso zao upande mmoja. Mwaka 1926 wasurealisti waliiweka picha hiyo kwenye jalada la jarida lao, La Révolution surréaliste, kwa jina jipya lenye maana ya "Uongofu wa mwisho". Picha haikubadilishwa, jina jipya lilitosha kuwageuza watazamaji wa Jua kuwa waumini.

Atget aliomba jina lake lisitajwe. Kwake, picha hizo zilikuwa kumbukumbu tu za mji.